Homoni baada ya kukoma hedhi na hatari ya saratani ya matiti: kulinganisha maboksi mawili

Wanawake wawili wa umri mmoja wanaweza kutoka kwa daktari siku moja, kila mmoja ameandikiwa dawa ambayo watu wote wanaiita homoni, na bado hatari ya saratani ya matiti iliyo katika dawa ya mmoja isifanane na ile iliyo katika dawa ya mwenzake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mdogo wangu, anayeishi Columbus, Ohio, na jirani yake ambaye ni mzaliwa wa Mombasa. Mmoja ana miaka 52, mwingine 54; wote wawili walikuwa wamechoka kuamka usiku shuka zikiwa zimelowa jasho, na wote wawili walikuwa wameshaambiwa na ndugu, kwa simu, kwamba homoni huleta saratani. Niliwakuta wameyaweka maboksi yao juu ya meza ya jikoni, wakijadiliana kama wayatupe au waendelee.

Jibu lilikuwa katika maandishi madogo ya pembeni. Boksi la jirani lilitaja homoni moja tu, estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, iliyomo katika plasta nyembamba inayopitisha mwanga, ambayo hubandikwa chini ya kitovu na kubadilishwa mara mbili kwa wiki. Boksi la mama mdogo lilitaja mbili, estrojeni na medroksiprojesteroni, zikiwa pamoja ndani ya kidonge kimoja cha kila siku. Ukitaka kulinganisha dawa hizi kwa upande wa saratani ya matiti, tofauti hiyo ya jina moja na majina mawili ina uzito kuliko tofauti ya plasta na kidonge, ingawa macho huiona plasta kwanza.

Kizazi ndicho kinachoamua kwanza

Estrojeni ndiyo inayofanya kazi ambayo mwanamke anaitafuta: hupunguza vipindi vya joto la ghafla, hurudisha usingizi, huondoa ukavu wa uke na huzuia mifupa isidhoofike haraka. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa jina la Premarin mwaka 1942, ikitengenezwa kutokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba, na kwa zaidi ya miaka 30 wanawake wengi waliimeza peke yake, wenye kizazi na wasio nacho. Mwaka 1975 tafiti zilizochapishwa Marekani zilionyesha kwamba waliomeza estrojeni peke yake walipata saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wengine, kwa kuwa homoni hiyo huufanya ukuta huo ukue na kunenepa bila kupumzika. Dawa ya tatizo hilo ikawa ni kuongeza homoni ya pili ya jamii ya projestojeni, kama hiyo medroksiprojesteroni, ambayo huutuliza ukuta huo.

Kwa hiyo uchaguzi wa kwanza si wa mgonjwa wala wa daktari. Mwenye kizazi anahitaji homoni mbili. Aliyetolewa kizazi anahitaji moja. Jirani alitolewa chake zamani kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukimwaga damu kila mwezi, operesheni ambayo wakati ule aliililia, na ambayo sasa ndiyo inayompa dawa nyepesi zaidi kwa matiti. Projestojeni inayomlinda mama mdogo na saratani ya mfuko wa uzazi ndiyo hiyo hiyo inayoongeza mzigo kwenye titi. Mwanamke mwenye kizazi asijaribu kuikwepa kwa kuacha homoni ya pili na kubaki na estrojeni, kwa sababu atakuwa ameiondoa hatari ndogo na kuikaribisha kubwa.

Homoni mbili na homoni moja, katika majaribio yale yale

Ulinganisho ulio safi kuliko yote ulifanywa Marekani na mradi wa Women's Health Initiative, uliogharamiwa na serikali. Katika jaribio la kwanza wanawake 16,608 wenye kizazi, wa miaka 50 hadi 79, waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa kila siku kidonge chenye estrojeni ya farasi miligramu 0.625 pamoja na medroksiprojesteroni miligramu 2.5, na kundi la pili likapewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana nacho kwa sura lakini hakina dawa. Lilisimamishwa Julai 2002 kabla ya muda wake, baada ya wastani wa miaka 5.2, kwa kuwa madhara yalikuwa yameipita faida. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliougua saratani ya matiti walikuwa 38 upande wa dawa na 30 upande wa plasebo. Upande wa dawa kulikuwa pia na viharusi 8 zaidi, damu kuganda na kuziba mishipa ya mapafu 8 zaidi, na matatizo makubwa ya mishipa ya moyo 7 zaidi. Kwa upande mwingine nyonga zilizovunjika zilipungua kwa 5 na saratani za utumbo mpana zilipungua kwa 6.

Jaribio la pili lilikuwa na wanawake 10,739 waliokuwa wametolewa kizazi, na wao walipewa estrojeni ile ile, kwa kipimo kile kile, bila homoni ya pili. Nalo lilisimamishwa mapema, mwaka 2004, baada ya wastani wa miaka 6.8, lakini sababu ilikuwa kiharusi. Kwa saratani ya matiti hesabu iligeuka: wagonjwa 26 kwa kila 10,000 upande wa dawa, na 33 upande wa plasebo. Wakati ule watafiti hawakuwa tayari kudai kwamba estrojeni inakinga, kwa sababu tofauti hiyo ilikuwa bado karibu na mpaka wa bahati. Baada ya kuwafuatilia wanawake hao kwa takriban miaka 20 walichapisha hesabu mpya mwaka 2020: waliopewa estrojeni peke yake walikuwa wameugua saratani ya matiti kwa uchache zaidi, kwa kama asilimia 22 ukilinganisha na wenzao wa plasebo, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa wachache zaidi vilevile. Waliopewa homoni mbili walikuwa bado wanaugua zaidi, kwa kama asilimia 28, miaka mingi baada ya kuacha vidonge, ingawa katika vifo tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka hapo, kisha akauliza swali ambalo nadhani wanawake wengi walilibeba kimoyomoyo tangu 2002.

«Mwanangu, mimi niliambiwa asilimia ishirini na sita. Maana yake katika sisi mia moja tunaomeza hivi vidonge, ishirini na sita tutaugua?»

«Hapana, mama. Ni nyongeza juu ya ile idadi ndogo ya mwanzo.»

Nikachukua nyuma ya risiti ya duka nikaandika 30, chini yake 38, kisha nikaandika 10,000 na kuizungushia duara. Kutoka 30 kwenda 38 ni ongezeko la zaidi kidogo ya robo, na hapo ndipo ile asilimia 26 ya magazeti ilipotoka. Lakini watu wenyewe ni 8 katika 10,000 kwa mwaka, yaani mmoja wa nyongeza kwa kila wanawake 1,250 wanaotumia dawa hiyo mwaka mzima. Namba zote mbili ni za kweli. Mwenye kutangaza ya kwanza bila ya pili huwatia watu hofu isiyo na kipimo, na mwenye kutangaza ya pili bila ya kwanza hulifanya jambo lionekane dogo kuliko lilivyo, kwa sababu nchini Marekani wakati huo wanawake waliokuwa wakitumia tiba hii walikuwa mamilioni, na mtu mmoja katika 1,250, ukimzidisha kwa mamilioni, huwa umati.

Mwaka ambao wagonjwa walipungua

Umati huo ulionekana ulipopungua. Baada ya tangazo la Julai 2002 wanawake wa Marekani waliacha vidonge kwa wingi, na vyeti vya kununulia dawa hizi vikaporomoka katika muda wa miezi. Desemba 2006, katika mkutano wa wataalamu wa saratani ya matiti mjini San Antonio, Texas, watafiti walieleza walichokikuta katika rejesta za saratani za nchi hiyo, na hesabu zao zikachapishwa Aprili 2007: ukiondoa athari ya umri, kiwango cha wagonjwa wapya wa saratani ya matiti mwaka 2003 kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 6.7 ukilinganisha na 2002. Mshuko ulianza katikati ya 2002, ukatulia katikati ya 2003, na ulikuwa wa wanawake wa miaka 50 na kuendelea tu. Zaidi ya hayo, walipowachukua wenye miaka 50 hadi 69 na kulinganisha 2001 na 2004, uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni, yaani ule unaolishwa na homoni, ulikuwa umepungua kwa asilimia 14.7, huku usio na vipokezi hivyo ukipungua kwa asilimia 1.7 pekee.

Wapo waliolipinga hilo, na hoja yao haikuwa ya ovyo. Saratani ndogo ya titi Marekani hugunduliwa mara nyingi kwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, na miaka ile ile idadi ya wanawake wanaokwenda kupigwa picha ilikuwa imeanza kushuka. Anayeacha homoni huenda akaacha pia kumwona daktari aliyekuwa akimwandikia, na pasipotafutwa ugonjwa hauonekani. Pia ilionekana ajabu kwamba saratani, ambayo huchukua miaka kukua, ipungue ndani ya miezi kwa sababu ya kuacha kidonge. Swali la pili lina jibu linaloridhisha: kidonge si lazima kiwe kilianzisha uvimbe, kinaweza kuwa kilikuwa kinaulisha uvimbe mdogo uliokwishakuwepo, na chakula kikikatwa uvimbe huo hupunguza mwendo, au husimama, hata usifikie ukubwa wa kuonekana kwenye picha mwaka huo. Swali la kwanza lilijibiwa na washiriki wa jaribio lenyewe. Hao waliendelea kupigwa picha kwa kiwango karibu sawa katika makundi yote mawili, na bado, kwa mujibu wa uchambuzi uliochapishwa 2009, hatari ya waliokuwa kwenye homoni mbili ilishuka haraka mara tu walipoacha. Australia nako wanawake waliacha vidonge, na huko nako wagonjwa wapya wa umri huo wakapungua.

Kwa maoni yangu ushahidi unatosha kusema kwamba sehemu kubwa ya mshuko ule ilitokana na vidonge vilivyoachwa, na sehemu ndogo inaweza kuwa ya mamografia. Kwa anayechagua leo, la muhimu ni kwamba vidonge vilivyoachwa kwa wingi wakati ule ni vya aina iliyokuwa kwenye boksi la mama mdogo.

Hapa niseme neno kwa wasomaji wa nyumbani. Medroksiprojesteroni ndiyo dawa iliyomo katika sindano ya uzazi wa mpango inayojulikana kama Depo, na kuna dada watakaolisoma jina hilo na kushtuka. Kipimo ni tofauti, umri ni tofauti, na sindano haina estrojeni ndani yake; hesabu za wanawake wa miaka 63, ambao ndio wastani wa umri katika jaribio lile, haziwezi kuhamishwa kwa msichana wa miaka 25.

Hesabu ya Ulaya ni nzito zaidi

Mtu akiishia kwenye majaribio ya Marekani atadhani kwamba estrojeni peke yake haina neno kabisa. Ulaya wamesema vingine. Nchini Uingereza utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya milioni moja, na uliochapishwa 2003, ulikuta hatari ikiwa mara mbili kwa waliokuwa wakitumia homoni mbili, na ikiwa imeongezeka kwa asilimia 30 kwa waliokuwa wakitumia estrojeni peke yake. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha mkusanyo wa tafiti 58, ambao uchambuzi wake mkuu ulitegemea zile za ufuatiliaji, zenye wagonjwa 108,647, na hesabu yake ndiyo ninayoiona kuwa rahisi kuliko zote kwa kulinganisha. Chukua wanawake wa nchi za Magharibi wa uzito wa wastani. Kati ya 100 ambao hawajawahi kutumia homoni, 6.3 hupata saratani ya matiti kati ya miaka 50 na 69. Wakianza kutumia wakiwa na miaka 50 na kuendelea kwa miaka 5, idadi hiyo huwa 6.8 kwa estrojeni peke yake, 7.7 kwa estrojeni yenye projestojeni ya siku kadhaa tu za mwezi, na 8.3 kwa estrojeni yenye projestojeni ya kila siku. Yaani mmoja wa ziada kwa kila watumiaji 200, mmoja kwa kila 70, na mmoja kwa kila 50.

Mmoja kwa 50 unaonekana mzito kuliko 8 kwa 10,000, lakini vipimo havifanani: ile ilikuwa hesabu ya mwaka mmoja, hii ni ya miaka 20 baada ya kutumia kwa miaka 5. Nusu ya nyongeza hutokea wakati mwanamke bado anatumia, na nusu nyingine hujitokeza katika miaka 15 inayofuata, akiwa ameshaacha. Anayetumia kwa miaka 10 huongeza hatari kama mara mbili ya aliyetumia 5.

Kuhusu estrojeni peke yake, tofauti ya Marekani na Ulaya haijafutika, na ninaona ni busara kuieleza kuliko kuchagua upande unaopendeza. Katika jaribio la Marekani wanawake wengi walianza dawa wakiwa wamepita miaka 60, muda mrefu baada ya hedhi kukoma, na wengi walikuwa wanene. Mkusanyo wa 2019 nao umeonyesha kwamba hatari hupungua kwa wanaoanza baada ya miaka 60, na kwamba kwa wanawake wanene estrojeni ya kumeza huongeza kidogo sana, kwa kuwa mafuta ya mwili yanajitengenezea estrojeni yake. Lakini jaribio liligawanya watu kwa bahati nasibu na zile za Ulaya ziliwaangalia tu waliojichagulia, na jambo hilo lina uzito wake. Jirani ana miaka 54 na si mnene. Nilimwambia achukulie kwamba dawa yake inaweza kuongeza kidogo au isiongeze kabisa, na kwamba kwa namna yoyote ile yuko mbali na hatari ya homoni mbili.

Si kila homoni ya pili ni sawa

Hapa ndipo mwenye kizazi anapopata nafasi ya kuchagua, na ndipo mama mdogo alipokuwa hajaelezwa chochote. Nchini Ufaransa, utafiti wa E3N uliowafuatilia wanawake zaidi ya 80,000 na kuchapishwa 2008 uliwatenganisha watumiaji kwa aina ya projestojeni waliyopewa. Waliotumia estrojeni pamoja na projesteroni yenyewe, ile inayofanana na ya mwili na kusagwa laini ili ifyonzwe, hawakuonekana kuwa na hatari zaidi ya wasiotumia homoni. Waliotumia didrojesteroni walikuwa na ongezeko la asilimia 16, ambalo huenda ni la bahati. Na waliotumia projestojeni nyingine za kutengenezwa walikuwa na ongezeko la asilimia 69.

Utafiti huo una mipaka yake. Si jaribio la bahati nasibu, na matokeo mazuri ya projesteroni ni ya miaka ya mwanzo; matumizi yakirefuka, hakuna wa kukuhakikishia kwamba nafuu hiyo hubaki. Hata hivyo, kati ya kidonge kimoja chenye medroksiprojesteroni na kapsuli ya projesteroni inayomezwa pamoja na plasta ya estradioli, mimi ningemshauri ndugu yangu aulize kuhusu ya pili kwanza. Kapsuli yenyewe ni ya mviringo, laini, mfano wa zile za mafuta ya samaki, na humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi, jambo ambalo kwa anayekesha ni zawadi. Ile inayouzwa Marekani kwa jina la Prometrium hutengenezwa kwa mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga asiiguse.

Isichanganywe na zile zinazotangazwa kuwa «homoni za asili», ambazo baadhi ya maduka ya dawa ya Marekani huzichanganya yenyewe, au zinazopachikwa chini ya ngozi kama punje. Hizo hazijapitia ukaguzi wa mamlaka ya dawa, kipimo chake hubadilika, na neno asili haliipunguzii estrojeni chochote.

Plasta, jeli, kidonge na dawa ya ukeni

Njia ya kuingiza estrojeni mwilini haibadilishi sana hesabu ya titi. Inabadilisha hesabu ya damu kuganda, kwa sababu estrojeni ya kumeza hupitia kwenye ini kwanza na kuongeza uwezekano huo, ilhali ya plasta au jeli, kwa vipimo vya kawaida, haionekani kuuongeza. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni, mwenye uzito mkubwa au mvutaji wa sigara ana sababu nzuri ya kupendelea ngozi kuliko mdomo.

Estrojeni ya ukeni ni jambo jingine kabisa. Kidonge chake ni kidogo sana, huwa na mikrogramu 10, huwekwa mara mbili kwa wiki, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Ule mkusanyo wa 2019 haukukuta ongezeko la saratani ya matiti kwa wanaoitumia, wala haihitaji projestojeni. Lakini haizuii joto la ghafla. Inamfaa ambaye tatizo lake ni ukavu, maumivu wakati wa tendo la ndoa au maambukizi ya mkojo yanayojirudia. Kwa miaka mingi boksi lake Marekani lilibeba onyo lile lile kali lililotokana na vidonge vya 2002, na najua mama mmoja aliyelisoma, akalirudisha boksi kabatini, akaendelea kuumia kimya. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inaondoa kwenye dawa za homoni za kukoma hedhi maonyo makali yanayohusu moyo, saratani ya matiti na kupoteza kumbukumbu, ikibakiza lile la saratani ya mfuko wa uzazi kwa estrojeni inayotumiwa peke yake. Kwa dawa ya ukeni nilifurahi. Kwa kidonge cha homoni mbili nina shaka, maana takwimu zake hazijabadilika kwa sababu boksi limebadilishwa.

Ambao ulinganisho huu hauwahusu

Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti asitumie hesabu hizi. Jaribio la HABITS, lililoongozwa kutoka Sweden, liliwapa homoni baadhi ya wanawake waliokwisha kutibiwa ugonjwa huo, likasimamishwa Desemba 2003. Kati ya 221 waliopewa homoni, 39 walipata saratani tena au mpya, na kati ya 221 wasiopewa, 17. Kwa hao zipo dawa zisizo za homoni. Baadhi ya dawa za sonona hupunguza joto la ghafla kwa kiasi, ila paroksetini haifai kwa anayemeza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, kwa sababu huizuia isifanye kazi yake ipasavyo. Fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2023, hutuliza sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili, lakini ini linapaswa kupimwa kabla ya kuanza na katika miezi ya mwanzo.

Wala hesabu hizi si za mwanamke ambaye hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, kwa maumbile au kwa kutolewa ovari. Yeye anarudishiwa homoni ambazo wenzake wa rika lake bado wanazo, na kuzikosa kwa miaka hiyo yote kuna madhara yake kwenye mifupa na moyo. Kwa kawaida hushauriwa azitumie hadi karibu na miaka 51, ndipo maswali ya wengine yamfikie.

Kuweka mizigo kwenye mizani moja

Nchini Uingereza kuna chati ambayo madaktari hupenda kuwaonyesha wagonjwa. Inasema kati ya wanawake 1,000 wa miaka 50 hadi 59, saratani ya matiti huwapata 23 ndani ya miaka 5. Wakitumia homoni mbili huongezeka 4, wakitumia estrojeni peke yake hupungua 4, wakinywa pombe kila siku yuniti 2 (kipimo cha pombe cha Uingereza) au zaidi huongezeka 5, na wakiwa wanene kupindukia huongezeka 24. Ni chati nzuri kwa kuonyesha kwamba kiuno kinaweza kuwa na uzito kuliko kidonge. Kasoro yake ni kwamba inahesabu miaka 5 ya matumizi na kunyamazia miaka inayofuata, na kwa estrojeni peke yake imechukua matokeo ya Marekani bila yale ya Ulaya.

Lipo pia jambo ambalo chati hailionyeshi. Homoni mbili hulifanya titi liwe zito kwenye picha, na katika jaribio la Marekani, baada ya mwaka mmoja tu, picha zenye mashaka zilikuwa asilimia 9.4 kwa watumiaji na 5.4 kwa wa plasebo. Nyingi ya hizo si saratani, lakini kila moja ni kuitwa tena hospitali, pengine kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama, na wiki nzima bila usingizi. Mwanamke ambaye anajua kwamba hawezi kupata mamografia kwa utaratibu anapaswa kulipima hilo kabla ya kuchagua.

Jirani alirudi kwake na plasta zake. Mama mdogo hakukitupa kidonge siku ile, kwa kuwa nilimsihi asiache dawa kwa ushauri wa jikoni. Alipiga simu, akapewa miadi baada ya siku 12, akaenda na ile risiti yenye namba. Alitoka na plasta na kapsuli za usiku, na makubaliano kwamba baada ya mwaka mmoja atajaribu kupunguza ili ajue kama joto bado lipo. Tarehe hiyo ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye boksi jipya, juu ya jina la dawa.